Jeti za Kabureta
(Maneno tuliyosema mkutanoni)



Wengi wetu twaendesha pikipiki kwa kazi, na wengine wetu ndio mafundi wake. Twaona vijana waking'oa boksi la kichungi cha hewa, wakafunga ekzosi ya wazi, halafu jeti wasiiguse. Sauti ni tamu, lakini hewa imezidi na petroli ni ile ile. Injini yapata moto kupita kiasi, pistoni yakwama, na mshahara wa mwezi waishia hapo.

Jeti ndogo ni ya mwendo wa taratibu. Jeti kubwa ndiyo yatawala uvutapo mafuta mpaka mwisho, na ndiyo ya kubadilisha kwanza. Namba ikizidi, tundu ni kubwa zaidi. Sisi twapanda namba moja tu kila mara. Twapanda kilima kwa nguvu, twashika klachi, twazima injini papo hapo, kisha twafungua plagi. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi. Nyeusi ya masizi, imezidi. Ya kahawia, tumefika. Kupanua tundu kwa waya hatukubali kabisa, maana namba yake haiaminiki tena.

Tena kuna habari ya mwinuko. Nairobi iko juu zaidi ya futi 5,000, na hewa yake ni nyepesi. Jeti inayofaa huko yaweza kuwa ndogo mno Mombasa. Mwenzetu mmoja alishuka na mzigo bila kubadilisha. Alirudi kwa lori, pikipiki imelala nyuma. Jeti ya pwani ilikuwa nyumbani kwake, ndani ya kopo la misumari.