Kidole Kimoja cha Silikoni na Swali la Mama

Ndugu na dada zangu, nimeombwa nieleze kile ninachosoma chuoni. Najua wengine mshaanza kutazama saa ya futari, sitawachelewesha.

Hebu toa simu yako. Nyuma ya kioo cha kamera mna kipande cha silikoni kilichogawanywa vijumba vidogo sana, pikseli, na kila kijumba kinapokea mwanga wake. Sasa chukua kipande kinachofanana na hicho, ukiweke kama sentimita 5 tu kutoka pale protoni zinapogongana. Ndivyo walivyofanya kule CERN, karibu na Geneva, kwenye kigunduzi kiitwacho ATLAS, ambapo mafungu ya protoni hukutana hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Chembe ikipita ndani ya silikoni huacha umeme kidogo, na pikseli iliyoguswa inatoa habari: amepita hapa. Unganisha alama za tabaka moja hadi jingine, utaipata njia yake, kama sisi tunavyofuata nyayo kwenye tope baina ya mistari ya majani chai.

Kigunduzi hicho cha pikseli kilianza na moduli 1,744, zenye pikseli kama milioni 80 kwa jumla. Moduli moja ina urefu wa kidole tu. Juu bamba la silikoni, chini chipu 16, na katikati vitone vya lehemu zaidi ya 46,000, kila pikseli na kitone chake. Kitone kikikosa kushika, pikseli hiyo ni kipofu. Na ikishafungiwa mle ndani, chini ya ardhi, huendi na bisibisi kuitengeneza! Kwa hivyo kila moduli hupozwa, ikapashwa moto, ikapimwa tena na tena kabla haijakubaliwa. Hivi leo maelfu ya moduli mpya zinaundwa katika maabara za nchi nyingi, kuchukua nafasi ya zile za zamani.

Nilipomweleza mama haya, hakustaajabu. Yeye alichuma majani chai huku Bomet mpaka mashine zilipoingia, na mnakumbuka 2023 mashine zilivyochomwa Kericho. Akauliza, "Na hiyo yako, mwanangu, itafukuza watu wangapi kazini?"

Nikamwambia haifukuzi, inataka watu: wa kupaka gundi, wa kukaa kwenye hadubini kukagua nyuzi za alumini nyembamba kuliko unywele. Akauliza wako wapi watu hao. Hapo nikakwama kidogo. Moroko imo ATLAS tangu 1996. Kigali palifanyika Shule ya Fizikia ya Afrika mwaka 2016, na Kigali si mbali. Lakini Kericho, Bomet? Hakuna meza hata moja.

Mama akanyoosha vidole vyake, vina sugu bado. "Hivi vilichagua majani mawili na chipukizi bila mimi kutazama. Waulize kama wanavihitaji."

Sijapata la kumjibu mpaka leo.