"Hafai" si hukumu



Leo naongea kuhusu neno moja: kutostahili. Sisi mtaani tukisema "yule hafai", basi tumemaliza, tumemhukumu mtu mzima mzima. Sheria haiendi hivyo. Sheria inauliza: alifanya nini, na je, kitendo hicho kinalingana na kazi aliyopewa?

Mnakumbuka kisa cha Nancy Baraza? Disemba 31, 2011, akiwa Naibu Jaji Mkuu, alizozana na mlinzi wa kike pale Village Market, Nairobi, kuhusu kukaguliwa mlangoni. Likaundwa jopo, likiongozwa na Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania. Likamsikiliza mlinzi, likamsikiliza na mkubwa. Agosti 2012 likaamua kwamba huo ulikuwa utovu mkubwa wa nidhamu, likapendekeza aondolewe. Oktoba akajiuzulu.

Angalieni vizuri. Kesi haikuwa ya wizi wala hongo. Hakuna aliyesema hajui sheria. Kilichopimwa ni mwenendo wake, tena nje ya ofisi, mbele ya mlinzi wa mlangoni. Kifungu cha 75 cha Katiba kinamtaka afisa wa dola, kuanzia rais mpaka mwakilishi wadi, asiishushe hadhi ofisi yake, hata katika maisha yake ya faragha. Wakili naye anaweza kufutwa kwenye orodha ya mawakili kwa mwenendo wa aibu, hata kama hajafungwa jela.

Sasa tuje kwetu. Polisi au wakili akikudhulumu, usiandike "yule ni mnyama". Andika siku, saa, mahali, alichosema, alichofanya, na nani aliona. Ya polisi peleka IPOA. Ya wakili peleka Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili. Matusi yatakupoza roho usiku mmoja tu, lakini kitendo kilichoandikwa lazima kijibiwe.

Na neno hilo likigeuzwa kwako? Mimi nilishaambiwa dirishani, nikitafuta kitambulisho, "wewe hufai". Nikaondoka kimya, maana sikujua. Kifungu cha 12 kinasema kila raia anastahili kitambulisho. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, ukinyimwa haki yako.

Kwa hivyo usiondoke kama mimi. Simama hapo dirishani, kwa adabu, useme: "Niandikie sababu."