Hotuba ya Ijumaa: Figo Zako ni Amana

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad.

Enyi Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu, na jueni kwamba mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake.

Sisi wakazi wa Tunduma tunaujua mpaka: kila mzigo hukaguliwa, ukajulikana wa kupita na wa kuzuiwa. Katika kila figo Mwenyezi Mungu ameweka vichujio vipatavyo milioni moja, kila kimoja fundo la mishipa ya damu myembamba mno. Hapo uchafu hutolewa kwa mkojo, na kinachohitajiwa na mwili hubakishwa.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, kuta za mishipa hiyo huharibika. Protini, ambayo ilipasa kubaki mwilini, huvuja katika mkojo. Figo zikidhoofika, shinikizo la damu hupanda, nalo hurudi kuiumiza mishipa ile ile. Madhara hayo hayaishii katika figo, bali hufika machoni, miguuni na moyoni.

Ndugu zangu, maradhi haya hayapigi hodi. Mtu hujiona mzima, kumbe figo zaangamia. Basi mwenye kisukari apimwe damu na mkojo walau mara moja kila mwaka, wala asingoje miguu ivimbe. Nawe dereva unayekesha katika foleni ya malori, jua kwamba baadhi ya vidonge vya maumivu, vikimezwa mara kwa mara, huziumiza figo.

Wapo wanaoacha dawa wakisema wametawakali. Hiyo siyo tawakuli, kwani Mtume wetu alituamrisha kujitibu. Wapo tena wanaoficha ugonjwa wao ili wafunge Ramadhani pamoja na wenzao, hali Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kutofunga, katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Kabla ya mwezi kuandama, mwulize daktari wako, kisha mwulize shekhe wako. Kuipokea ruhusa ya Mola si aibu. Aibu ni yetu sisi tunaomnyooshea kidole mgonjwa anayekula mchana.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, utujaalie kuihifadhi amana yako. Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwangu na kwenu.