Zamu Yako Imefika

Masomo: 1 Mambo ya Nyakati 25:1-8, Luka 1:5-13

Leo tutafakari pamoja neno moja tulitumialo kila siku nyumbani na kazini. Neno hilo ni zamu.

Wengi wetu twajua kwamba Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alifariki mwaka 1941 akazikwa Nyeri, hapa kwetu Kenya. Yeye aliwagawa vijana katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake kijana, ili asiwepo mtu wa kutazama tu. Ndugu zetu Wakatoliki waliupokea mpango huo. Huko Ufaransa, mwaka 1920, padre Mjesuiti Jacques Sevin alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha Skauti Wakatoliki. Na katika kambi za Kikatoliki vikundi hugawana kuni, maji na upishi, na tena hugawana sala.

Kikundi kimoja hutengeneza mahali pa Misa: hufagia, hufunga miti kwa kamba iwe meza, hutandika kitambaa. Cha pili husoma masomo. Cha tatu hutayarisha maombi, kuwaombea wagonjwa, wazazi na nchi. Cha nne huongoza sala ya jioni kando ya moto. Kesho yake zamu hugeuka. Kazi ya padre hubaki kwa padre, lakini nyingine nyingi ni za wote. Sisi hatuafikiani nao katika kila jambo, ila hapa twaweza kujifunza.

Wala si jambo geni, maana limo katika Biblia. Siku za Mfalme Daudi waimbaji wa nyumba ya Bwana walikuwa 288, wakagawanywa makundi 24, kila kundi watu 12. Ni nani angetangulia? Hawakutazama umri wala sifa. Walipiga kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi.

Sasa na tujiulize. Sisi tufundishao kwamba waaminio wote ni makuhani, je, twafanya hivyo? Mara nyingi mzee ni yule yule aombaye, na msomaji ni yule yule. Hata katika kambi zetu za vijana, kikundi chenye sauti nzuri huitwa kila jioni, na kile kinachosoma kwa kugugumia hurukwa. Twadhani twailinda ibada isiharibike. Kumbe twamharibu kijana. Asiyepewa zamu hujifunza kwamba sala ni kazi ya watu wengine. Atakwenda mjini na fundisho hilo, na siku ya taabu, mahali pasipo na mzee wa kumwombea, atanyamaza.

Mkumbukeni Zakaria. Alikuwa mzee, hana mtoto, naye alikuwa wa zamu ya Abiya, ile ya nane. Hakuingia hekaluni kwa sababu ya umaarufu. Zamu ya kundi lake ilifika, na kura ikamwangukia. Na pale pale, akiifanya kazi ya zamu yake, aliambiwa kwamba maombi yake yamesikiwa. Ni nani ajuaye Mungu amemwekea nini yule tunayemruka?

Basi, ninyi mnaoongoza, andikeni zamu, na majina ya wanyonge yawemo. Mpeni mtu siku chache za kujitayarisha. Kaeni karibu naye, na akikosea msimnyang'anye kitabu, mngojeni amalize. Nawe uliyezoea kukaa nyuma, jina lako likisomwa, usiseme kwamba wako wanaojua zaidi. Mungu hakuhitaji ufasaha wa Zakaria. Baada ya siku ile Zakaria alikuwa bubu kwa miezi, na hata hivyo alimaliza siku za zamu yake.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe tulipoifanya nyumba yako kuwa ya wachache. Utupe moyo wa kuwaachia wengine nafasi, na ujasiri wa kusimama zamu yetu ifikapo. Uwasikie hasa wale ambao hatujawahi kuwasikia wakiomba. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.