Kodi chee, LUKU inaua!

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wa makala hii mbele ya vijana wa kijiwe kimoja jijini Dar es Salaam.)



Leo sina sera ya kuwauzia. Nina swali moja tu: nyumba ya gharama nafuu, nafuu kwa nani?

Mimi ni mpangaji kama ninyi. Chumba changu kina dirisha moja, linatazama magharibi. Juu ni bati tupu, dari hakuna. Kodi chee! Lakini jua likizama, ukuta wa matofali ya saruji unaanza kutapika joto uliolimeza mchana kutwa. Feni inazunguka hadi alfajiri, LUKU inapiga kelele. Alichonipunguzia mwenye nyumba, jua linakuja kunidai usiku.

Sasa sikilizeni ya wenzetu. Mwaka 2019, mtaa wa Goldsmith Street mjini Norwich, Uingereza, ulipata Tuzo ya Stirling, tuzo yenye heshima kubwa ya usanifu majengo nchini humo. Si kasri, si hoteli ya vigogo. Ni nyumba 105 za halmashauri!

Adui wa kule ni baridi. Wangeweza kuwafungia wapangaji mahita na kuwaachia bili. Hawakufanya hivyo. Nyumba zilielekezwa kusini, liliko jua lao la kipupwe. Kuta zikashindiliwa vitu vya kuzuia joto lisitoroke, nyufa zikazibwa, madirisha yakapewa vioo vya tabaka tatu. Hewa chafu inapotolewa nje, joto lake linaachiwa hewa safi inayoingia. Kipimo walichojengea hakiruhusu kupasha nyumba kwa zaidi ya yuniti 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka mzima.

Msiniambie hayo ni mambo ya Wazungu. Wao wanalikaribisha jua, sisi tunalikimbia, lakini kalamu ya mchoraji ni ile ile. Hapa Dar, nyumba ikitazama kaskazini na kusini, jua kali la asubuhi na jioni linakuta ukuta mfupi. Madirisha yakikabiliana, upepo unapita bure. Paa jeupe lenye dari linarudisha jua lilikotoka. Hayo hayasubiri mfadhili!

Na jikoni je? Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Vizuri. Lakini ukijenga ghorofa lenye jiko kama kabati, lisilo na soketi ya kubeba jiko la umeme, umemwambia mama apandishe gunia la mkaa kwenye ngazi, na moshi alale nao.

Ndugu zangu, ukuta ukishajengwa umekosea miaka hamsini. Tusisubiri siku ya kukata utepe. Tudai ramani ikiwa bado karatasi, na tuulize: jua litapiga wapi, upepo utapita wapi, na chakula kitapikwa kwa nini? Asiye na majibu asituambie amejenga nyumba ya mlalahoi.