Kumkanda Mtoto Nyumbani



Kumkanda mtoto si jambo geni Pwani. Nyanya huketi mkekani, akanyoosha miguu, akamlaza mjukuu mapajani na kupasha viganja kwa mafuta kidogo ya nazi. Mkono mwepesi humtuliza mtoto. Akilia au akigeuza uso, basi hataki, mwacheni.

Taabu huanzia kwenye nguvu. Kichwa hakifinyangwi, pua haivutwi, utosi haukandamizwi. Mafuta yasitiwe masikioni, puani wala kwenye kitovu kibichi. Paja lililochomwa sindano ya chanjo lisikandwe.

Tena kukanda si dawa ya homa. Mtoto mwenye joto jingi au asiyenyonya, au wa chini ya miezi 2 anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, apelekwe hospitali papo hapo, hata usiku. Nyanya naye aandamane nao, maana mara nyingi neno lake ndilo la mwisho nyumbani. Likoni kuna hospitali ya kaunti ndogo, hakuna haja ya kungoja feri. Changamwe kuna Port Reitz, Kisauni kuna Mlaleo.