Historia ya Mabadiliko Inapohamishwa: Programu za Kompyuta na Kamusi



Huenda mkashangaa kumsikia mwanaisimu wa umri wangu akizungumzia mifumo ya kudhibiti matoleo, yaani programu zinazohifadhi kila badiliko lililofanywa katika faili, pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na sababu. Lakini sisi tunaohariri miswada tumeifanya kazi hiyo miaka mingi kwa kalamu, pembezoni mwa ukurasa. Swali langu ni hili: je, mradi ubadili mfumo wake, na kwa masharti gani?

Mfano ninaouchagua ni Emacs, programu ya kuandika na kuhariri matini, miongoni mwa zile kongwe ambazo zingali zikitumika. Mwishoni mwa mwaka 2009 mradi huo uliacha CVS ukahamia Bazaar. Uaminifu ulichangia sana uamuzi huo, kwani Bazaar ilikuwa sehemu ya mradi wa GNU kama Emacs yenyewe. Haikupita miaka mingi uendelezaji wa Bazaar ukadorora, na vijana wengi walikwishazoea Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005. Novemba 2014 Emacs ikahama tena.

Kunakili faili halikuwa jambo gumu. Ugumu ulikuwa katika kuhamisha historia iliyoanzia miaka ya 1980. Bazaar hutambulisha badiliko kwa namba ya mfuatano. Git hulitambulisha kwa mfuatano wa tarakimu na herufi 40, unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Hivyo maelezo ya zamani yasemayo “tazama badiliko namba fulani” hayaelekezi popote hadi yafasiriwe upya, kama rejeleo la ukurasa wa mswada uliokwisha kupangwa upya. Kiini cha Linux, kilichohama kwa haraka mwaka 2005 baada ya kukosa ruhusa ya kutumia BitKeeper bila malipo, kilianza hazina mpya na kuiacha nje historia ya nyuma.

Hasara hiyo nimeionja. Mradi mmoja wa kamusi niliouhudumia ulihamishwa kwa kunakili matini ya mwisho tu. Baadaye mwanafunzi wa uzamili akaniuliza kwa nini maana ya pili ya kitomeo kimoja ilifutwa. Mhariri aliyeifuta alikwishafariki. Tuliirudisha, lakini kwa kukisia, na hadi leo sina hakika kwamba tulitenda haki.

Sasa tunapendekezewa kuihamishia Git kamusi nyingine tunayoihariri. Ninaunga mkono, kwa sababu watafiti chipukizi tutakaowarithisha kazi wanaufahamu mfumo huo, na chombo kisichojulikana na warithi hakina maisha. Ila nimeomba kwanza liandaliwe jedwali la kulinganisha namba zote za zamani na anwani mpya. Baadhi ya wenzangu huliona jedwali hilo kuwa anasa. Tumeahirisha kuhama hadi litakapokamilika, na tumefika herufi M.